Rovu, Figo na Vichupa vya Mkojo: Tawasifu ya Mtaalamu wa Maabara

Zaidi ya asilimia 90 ya madini joto yanayoingia mwilini kwa chakula hutoka kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya tezi ya thairoidi katika kijiji kizima huanzia kwenye kile kilichochujwa na figo. Mwandishi wa tawasifu hii, mtaalamu wa maabara nchini Tanzania, aliajiriwa katika utafiti wa thairoidi na akastaafu akiwa katika utafiti wa figo. Wakubwa zake walihesabu hizo kuwa kazi mbili. Yeye aliziona kazi moja.

Katika miaka ya 1980 rovu lilikuwa jambo la kawaida Nyanda za Juu Kusini. Mvua ya karne nyingi imeosha madini joto kwenye udongo wa milimani, mazao ya huko huyakosa, na mkulima hula alichovuna. Tezi isiyopata madini hayo haiwezi kutengeneza homoni ya kutosha. Hapo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huongeza homoni ya kuichochea, TSH, na thairoidi ikichochewa muda mrefu bila malighafi huvimba. Uvimbe huo wa shingo ndio watu waliouona, lakini hasara kubwa ilikuwa tumboni mwa mama mjamzito, kwa kuwa ubongo wa mtoto hujengeka kwa msaada wa homoni hiyo hiyo. Upungufu mkali huzaa watoto wenye mtindio wa ubongo, wengine wakiwa viziwi. Nchi nzima, karibu mtoto 1 kati ya 4 wa shule alikuwa na rovu.

Uchunguzi ulifanyika shuleni. Mtoto alisimama mbele ya mpimaji, akapapaswa shingo pande zote mbili, na kila upande wa tezi ukalinganishwa na pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mtoto mwenyewe. Ukizidi hapo, ni rovu. Baada ya hapo alipewa kichupa akalete mkojo. Kazi ya mwandishi ilianzia hapo. Kipimo kilichotumika hutegemea rangi: chumvi ya seriamu yenye rangi ya manjano hupauka ikikutana na aseniki, na madini joto huharakisha kupauka huko. Mkojo wenye madini mengi huifuta rangi upesi, wenye machache huiacha ikichelewa, na mpimaji husoma tofauti hiyo kwa saa na mashine ya mwanga. Ni kipimo rahisi kwa bei lakini kigumu kwa usafi. Chupa ya aidini ya vidonda ikifunguliwa ndani ya chumba hicho, vipimo vya siku nzima huharibika. Mwandishi aliwafundisha vijana wengi usafi huo kabla ya kuwafundisha kemia, na bado anaamini kuwa huo ndio mpangilio sahihi.

Jambo lingine lililohitaji kuelezwa tena na tena, hata kwa madaktari, ni kwamba mkojo wa mtu mmoja hautoshi kumhukumu mtu huyo. Kiasi cha madini joto hupanda na kushuka siku hadi siku kufuatana na mlo. Kinachohesabiwa ni thamani ya katikati ya kundi zima la watoto: ikiwa chini ya mikrogramu 100 kwa lita, jamii hiyo ina upungufu.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilisimamia hatua zilizofuata. Kwanza vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha katika miaka ya 1990 ikaja chumvi iliyoongezwa iodeti ya potasiamu, ambayo haipotei upesi kwenye unyevunyevu. Kazi ngumu ilikuwa kwa wavunaji wadogo wa chumvi wa mwambao, wasio na mitambo ya kuchanganyia. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu limeshuka hadi asilimia 7 hivi ya watoto wa shule, na zaidi ya kaya 8 kati ya 10 zikitumia chumvi yenye madini hayo. Kati ya mafanikio yote ya afya ambayo mwandishi ameyashuhudia, hakuna lililofanyika kwa gharama ndogo hivyo likaokoa akili za watoto wengi hivyo, na inamsikitisha kuona linavyotajwa kwa nadra.

Utafiti wa majirani ulizuia majibu mepesi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti waliona kwamba madini joto yalikosekana kisiwa chote, lakini rovu lilizidi mno upande mmoja. Muhogo usiosindikwa vizuri, ambao mwilini huzalisha thayosayaneti inayozuia tezi kunasa madini joto, ulikuwa sehemu ya sababu. Utafiti mwingine kutoka kaskazini mwa Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha hatari ya kuwapa seleniamu peke yake watu ambao tezi zao zimekwisha kudhoofika: homoni ya thairoidi ilishuka zaidi. Madini joto hutangulia.

Mwandishi alihamia upande wa figo wakati shinikizo la damu na kisukari vilipoanza kujaza kliniki. Huko alizikuta homoni zile zile. Thairoidi ikidhoofika, damu inayopita kwenye figo hupungua na kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, hupanda, na mgonjwa huonekana ana ugonjwa wa figo. Akitibiwa tezi, kipimo kwa kawaida hurudi chini. Kwa upande mwingine, figo zikivujisha protini nyingi, zile zinazobeba homoni ya thairoidi hutoka pamoja nazo. Na figo zilizochoka hufanya T3, mojawapo ya homoni za thairoidi, ishuke ilhali TSH iko sawa, hali ambayo peke yake haihitaji vidonge vya thairoidi. Kipimo kimoja bila kingine kinaweza kumpeleka mgonjwa kwenye tiba asiyoihitaji.

Kreatinini yenyewe ina kasoro. Kipimo chake cha bei nafuu kinatokana na kazi ya Max Jaffe ya mwaka 1886: asidi ya pikriki hugeuka rangi ya chungwa ikikutana nayo, lakini huathiriwa pia na sukari nyingi na protini. Zaidi ya hayo, kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu aliyekonda kwa njaa au maradhi huizalisha kidogo, na figo zake zilizoharibika huonekana nzima. Kanuni kadhaa kuu za kukadiria uwezo wa figo kwa kreatinini zilitungwa Marekani, na ile ya mwaka 2009 iliongeza asilimia 16 hivi kwa kila mtu mweusi. Maabara nyingi za Afrika ziliipokea hivyo hivyo. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliondoa nyongeza hiyo.

Ushahidi wa Kiafrika ulichapishwa mwaka 2022. Watu wazima zaidi ya 2,500 wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini walidungwa dawa iitwayo aioheksoli, na kasi ya kutoweka kwake katika damu ikapimwa. Kreatinini ilionyesha figo kuwa na nguvu kuliko zilivyo. Watu wenye uwezo mdogo wa figo walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliokadiriwa nayo. Sistatini C, protini isiyotegemea misuli kwa kiwango hicho, ilikaribia ukweli zaidi, ila kitendanishi chake ni ghali.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017. Ndugu anayejitolea figo yake hubaki na moja maisha yote, na kuikadiria kwa kanuni iliyotungwa kwa miili mingine hakumtoshi. Kwa maoni ya mwandishi, mtoaji apimwe moja kwa moja, TSH yake iangaliwe siku hiyo hiyo, na gharama iwe sehemu ya gharama ya upasuaji.