Kikapu cha Maembe Kutoka Gazi

Alhamisi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, tuliletewa mlangoni kikapu cha ukindu kilichojaa maembe boribo. Hakikuwa na barua, lakini tulimjua aliyekituma. Mwembe ule umo katika shamba la marehemu babu yetu kule Gazi. Mirathi ilipogawanywa uliingia katika fungu la shangazi yetu, kwa haki. Sisi tukanung'unika, maneno yakawa makali, na kwa miaka 3 hatukukanyaga kwake. Nasi ndio tunaopanda mimbari kuwausia watu waunge udugu!

Imepokewa kwamba Maswahaba walikuwa wakimletea Mtume (S.A.W.) matunda ya kwanza ya msimu, naye akiuombea Madina baraka, kisha akimpa tunda hilo mtoto mdogo aliyekuwapo. Tukamwita mjukuu wetu, tukampa embe la kwanza. Alipouliza limetoka kwa nani, tuliona haya kumjibu.

Jumamosi tukavuka Likoni, tukashika njia ya Lungalunga. Ukishapita Ukunda, kabla ya Msambweni, unateremka njia panda ya Gazi na kuelekea baharini kati ya minazi. Hapa ndipo alipokuwa na makao yake Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui. Vita vya mwaka 1895, vilivyoanza kwa mzozo wa kurithi utawala wa Takaungu, vilimhamisha hata akafia ugenini, Dar es Salaam. Tulilikumbuka hilo tukiwa njiani, na hatua zikawa nzito.

Shangazi aliitikia salamu kana kwamba tuliagana jana. Tulipoanza kuomba radhi alitukatiza: "Mwembe umezaa sana mwaka huu, mwanangu. Ningekula na nani?"

Kisha akatupa habari. Macho yake yamepungua nguvu. Mjukuu wake amehitimu Kurani. Akina mama wa Gazi wangali wakiwatembeza wageni juu ya daraja lao la mbao katikati ya mikoko. Na mradi wa Mikoko Pamoja, unaolipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, umewaletea wanakijiji maji na watoto vitabu vya skuli. Nasi tukampa zetu: binti yetu ameposwa, na ahali yetu aliugua sana mwaka jana, akapona. Hapo shangazi alilia. Hakulilia mwembe, alilia kwamba mgonjwa wetu alilala kitandani naye asiambiwe amwombee dua.

Kwetu kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Tulikirudisha na haluwa, tende na majani ya chai, naye akakijaza tena tulipoaga.

Ahsante, shangazi. Na wewe msomaji, ikiwa yuko jamaa uliyemnyamazia, usingoje akutangulie kwa kikapu kama tulivyotanguliwa sisi. Mwenyezi Mungu atuunganishie nyoyo zetu. Amin.