Kigoda Nilichokitia Bei

Msomaji wangu, nataka kukusimulia kosa. Makosa ya watu wengine husimuliwa kwa urahisi, na aghalabu kwa furaha. Lakini hili ni langu mwenyewe, nami ni mwalimu, na mwalimu hapendi kukosa mbele ya wanafunzi. Walakini nimelichagua makusudi, kwa sababu ndani yake mna elimu ambayo sikuipata chuoni, na ambayo wewe huenda ukaihitaji kabla hujamaliza masomo yako.

Nyumbani kwetu ni Bomet, upande wa Silibwet, mahali ambapo mashamba ya chai huteremka mpaka karibu na mto Nyangores. Mwaka ule nilikuwa nimetoka katika chuo cha ualimu na kupata kazi yangu ya kwanza. Cheti changu kilikuwa kipya bado. Mama alikitia katika fremu ya kioo, akakitundika ukutani juu ya redio, na kila mgeni alionyeshwa. Jumamosi moja alikuja dada yake baba, ambaye kwa desturi yetu Wakipsigis namwita Senge, akiwa amebeba kigoda cha babu ndani ya leso.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kilichochongwa katika gogo moja. Kiti chake kilikuwa kimezama katikati kama kiganja cha mkono, nao weusi wake uling'aa pasipo rangi. Mguu mmoja ulikuwa na ufa, na ufa ule ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba.

"Mwalimu," aliniambia, maana tangu nilipopata cheti aliacha kuniita jina langu, "kuna mtu sokoni anayenunua vitu vya zamani. Amekiona hiki, anataka nimtajie bei. Wewe umesoma. Kina thamani gani?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu: Sijui. Neno hilo ni fupi, lakini kwa kijana mwenye cheti ukutani lilikuwa zito kuliko gunia la majani mabichi ya chai. Nilikipindua kigoda, nikakigonga kwa kidole, nikapitisha ukucha katika ufa kwa uso wa mtu ajuaye. Kisha nikasema, "Senge, kimechakaa, tena kimepasuka. Akikupa mia tano, mpe."

Alipewa mia tano. Akanunua viatu vya shule vya mtoto wake wa mwisho, akaja kunishukuru.

Miezi michache baadaye wazee wa ukoo walikusanyika kwetu kuzungumza habari ya ndoa ya binamu yangu. Ndugu yake babu, mzee aliyekuwa amebaki peke yake katika rika lake, alisimama mlangoni akauliza kigoda kiko wapi. Alisema kilichongwa na baba yake, na kwamba katika shauri kama lile hukikalia yule mwenye neno la mwisho. Watu wote walimtazama Senge. Mzee akamwuliza ni nani aliyemshauri kukiuza. Senge angeweza kunitaja. Hakunitaja. Alisema tu kwamba alikuwa na shida ya viatu vya mtoto.

Nilikaa kimya kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima. Hatimaye nilisimama nikasema, "Mzee, ni mimi. Mimi ndiye niliyekitia bei." Mzee alinitazama, wala hakukasirika. Aliniuliza kwa sauti ya taratibu, "Mwalimu, kazi hiyo ulisomea wapi?" Kisha akaketi juu ya kiti cha plastiki, na mazungumzo yakaendelea.

Swali lile halikuwa tusi. Lilikuwa swali la haki. Tokea siku ile nimelifanyia uchunguzi: Je, mtu husomea wapi kazi ya kuthamini vitu vya kale? Haya ndiyo niliyoyapata.

Mfano wa kwanza ulikuwa karibu nami siku zote. Sisi wa Bomet na Kericho huchuma chai tangu utoto, lakini si sisi tunaoweza kusema kilo moja ya chai iliyokwisha tengenezwa ni ya thamani gani. Chai ya Kenya huuzwa kwa mnada, ambao ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Kabla ya mnada, waonjaji huitazama chai kavu, hutazama majani yaliyoloweshwa, kisha huvuta maji yake kwa kijiko kwa mvumo mkubwa, huyazungusha kinywani na kuyatema. Kila kikombe hupimiwa kiasi kile kile cha chai na muda ule ule wa kuloweka, ili chai ishindane na chai na si kipimo na kipimo. Mwonjaji hafundishwi kazi hii kwa wiki moja. Hukaa miaka chini ya mwonjaji mkubwa, akionja vikombe kwa mamia na kukosolewa, hata ulimi wake uwe na kumbukumbu. Basi nikajiuliza: ikiwa jani linalochumwa leo lataka mafunzo ya miaka, mimi nilikipima kigoda cha vizazi vitatu kwa mafunzo gani?

Mfano wa pili ni wa wathamini wa ardhi na majengo. Kenya ina Sheria ya Wathamini, iliyotungwa mwaka 1985, na Bodi ya kuwaandikisha. Mtu hupata shahada, hufanya kazi chini ya mthamini aliyekwisha kuandikishwa, hufanya mitihani, ndipo jina lake liingie daftarini. Kwa vitu vya kale njia haikunyoka namna hiyo. Hata Marekani, ambako kazi hii ni kubwa, mthamini wa nyumba hupewa leseni na jimbo lake, lakini mthamini wa viti, vyungu na mapambo halazimiki kuwa nayo. Wathamini hao hujifunga wenyewe kwa vyama. Chama kimoja cha namna hiyo kiliundwa huko mwaka 1949, na kingine mwaka 1979. Na Uingereza kuna chama cha wapimaji na wathamini kilichoanza London mwaka 1868. Vyama hivi hutoa masomo na mitihani, hudai miaka ya kazi kabla ya kumpa mtu cheo, na huwataka wanachama wao waendelee kusoma hata baada ya kukipata.

Utauliza, husoma nini? Kwanza husoma vitu vyenyewe, kwa macho na mikono. Mti huiva, hukauka na kusinyaa, na husinyaa zaidi kukata nyuzi kuliko kufuata nyuzi. Kwa hiyo meza ya kale iliyokatwa duara huacha polepole kuwa duara kamili. Patasi na tezo huacha alama zisizolingana, na msumeno wa mashine huacha mistari iliyolingana. Skrubu yenye alama ya msalaba kichwani ilienea tangu miaka ya 1930. Ukiikuta katika kiti kinachosemwa kuwa cha mwaka 1880, uliza iliingiaje. Ushanga wa kioo ni baridi na mzito, na wa plastiki ni mwepesi na hupata joto upesi mkononi. Kuchakaa pia kuna ukweli na uongo. Kitu kilichotumika huliwa pale kinaposhikwa na kukaliwa. Kilichochakazwa na mdanganyifu huliwa kila mahali sawasawa. Tena wako watu wanaopaka mbao na karatasi mpya maji ya chai nzito ili zionekane za kale. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu: chai yetu yaweza kumwongeza mzee miaka mia kwa asubuhi moja!

Pili, mthamini hujifunza historia ya kitu: nani alikifanya, nani alikirithi, kilitoka wapi na kwa ruhusa ya nani. Mfano wa jambo hili tunao pwani. Wamijikenda husimamisha vigango, yaani mbao ndefu zilizochongwa, kuwakumbuka wazee wao waliofariki. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa kigeni alimpiga picha mzee akiwa karibu na vigango viwili vya jamaa yake. Muda si mrefu vigango vile vikaibwa. Miaka mingi baadaye kimoja kilionekana katika makumbusho ya Marekani, na ile picha ndiyo iliyothibitisha kwamba ni chenyewe. Mwaka 2007 kilirudi kwa jamaa. Picha moja ilifanya kazi ambayo vinywa mia visingeweza.

Tatu, mthamini hujifunza kuuliza, "Thamani kwa ajili ya shauri gani?" Bei ya kitu kinapouzwa sokoni ni moja, gharama ya kupata kingine kama hicho, kilichopo kikiungua, ni nyingine, na hesabu ya kuwagawia warithi ni nyingine tena. Mthamini mwema huandika ni ipi anayoitaja, siku aliyoitaja, na sababu zake, akilinganisha na vitu vya namna ile vilivyokwisha uzwa. Mimi nilitaja mia tano bila sababu hata moja. Nilichokiita ufa, mwenye ujuzi angekiita habari: ule waya wa shaba ulionyesha kwamba mtu alikipenda kigoda kile hata asikubali kukitupa.

Nne, husoma sheria. Sheria yetu ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kihamishikacho, isipokuwa kitabu au hati, kilichofanywa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Na kitu kama hicho hakitolewi nje ya nchi pasipo kibali. Yumkini kigoda chetu kilikuwa cha kabla ya mwaka huo, na yumkini hakikuwa. Tungeweza kumwuliza mzee. Hatukumwuliza.

Tano, na hili ni la moyo, mthamini hujifunza uaminifu. Hakubali kulipwa sehemu ya bei atakayoitaja, kwa maana atavutwa kuikuza; wala hakithamini kitu anachotaka kukinunua yeye mwenyewe bila kusema wazi, kwa maana atavutwa kuipunguza. Na asipojua, husema hajui, humwelekeza mtu kwa anayejua.

Nilipoyajua haya nilikitafuta kigoda. Yule mnunuzi alikuwa amehama soko, wala hapakuwa na mtu aliyejua alikokwenda. Nilifunga safari mpaka makumbusho ya Kitale, ambayo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1974, nikatazama vigoda vya jamaa za magharibi ya Kenya, kila kimoja kimewekwa mahali pake. Nilisimama hapo kitambo kirefu. Nilikumbuka pia fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyeuawa na afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen katika Oktoba 1905. Fimbo zile zilikaa Uingereza karne nzima, zikarudi Kenya mwaka 2006. Zilirudi kwa sababu watu walijua ni za nani. Cha kwetu hakikuandikwa popote, hata urefu wake. Kikipita mbele yangu leo, sina ushahidi ila ule waya.

Senge hajanilaumu hata leo. Lakini ameacha kuniuliza mambo kabla sijafikiri. Huniuliza, kisha husema, "Usijibu leo."

Mwaka jana msichana mmoja darasani mwangu alileta kibuyu cha nyanya yake, kile cha kuwekea mursik, chenye mkanda wa ngozi ulioshonewa simbi na shanga. Aliniuliza, "Mwalimu, kina bei gani?" Darasa lote lilinyamaza kungoja. Nilisema, "Sijui." Baadhi yao walishangaa. Kisha tulichukua rula na daftari. Tuliandika urefu wake na unene wake. Tuliandika ngozi, simbi na shanga, na rangi zake. Tuliandika mahali palipoliwa na mkono na mahali palipotiwa kiraka. Jioni yake alikwenda kumwuliza nyanya yake ni nani aliyekishona, na mwaka gani, na kwa shughuli gani. Alirudi na kurasa nne. Kibuyu kilibaki nyumbani kwao.

Nawe, msomaji, huenda siku moja ukaisomea kazi hii mpaka upate cheo chake. Nchi yetu ina haja ya watu kama hao. Lakini usingoje cheo ili uanze. Jumamosi hii chukua daftari, umwendee mzee wa kwenu kabla mnunuzi hajafika, uandike anayoyajua. Na mtu akikuuliza kitu usichokijua, hata kama cheti chako kiko ukutani katika kioo, mjibu kwa lile neno fupi lililonishinda mimi.