Pauni 60 kwa Kiungo Kimoja

Ujumbe ulinifikia saa tisa usiku, nikiwa katika chumba cha mapumziko na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Wodi ilikuwa imetulia, jambo ambalo manesi hatulitamki kwa sauti tusije tukajiletea balaa. Mtu nisiyemfahamu aliniandikia kwa adabu nyingi kwamba ameipenda tovuti yangu, kwamba inawasaidia sana wauguzi wa Afrika Mashariki, na kwamba yuko tayari kunilipa pauni 60 nikimwekea kiungo kimoja tu ndani ya makala yangu ya zamani.

Ukisikia "tovuti yangu" usidhani ni jambo kubwa. Nilisomea stashahada ya uuguzi Tanga, nikafanya kazi miaka kadhaa, kisha nikaja Uingereza, nikafanya mitihani ya usajili, na baadaye nikasoma shahada huku nikiendelea na zamu. Njia ile ilinitesa. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza cha ofisini, na kila aliyenitangulia alikuwa na hadithi yake tofauti. Basi nilipopata nafasi nikaanza kuandika kwa Kiswahili: mtihani wa kompyuta wa NMC, yaani baraza la wauguzi na wakunga la hapa, ukoje, ule wa vitendo uitwao OSCE ukoje, nyaraka gani uziombe chuoni kabla hujapanda ndege. Wasomaji wangu walikuwa mia chache kwa mwezi, wengi wao wadogo zangu wa vyuoni huko nyumbani. Sikuwahi kuingiza hata senti.

Yule mtu alikuwa na masharti matatu. Kiungo kiwekwe juu ya maneno "kazi za uuguzi Uingereza". Nisiandike popote kwamba ni tangazo. Na nisiweke ndani ya ukurasa ile alama inayoziambia injini za utafutaji zisikihesabu. Sharti hilo la tatu sikulielewa, nami sikuuliza. Mwezi ule mama alikuwa anapaua chumba cha uani, na fundi alikuwa anapiga simu kila jioni. Nilipomweleza mume wangu aliuliza swali moja tu: "Kampuni yenyewe unaijua?" Nikamjibu kwamba tovuti yao inapendeza. Akanitazama, akaendelea kula.

Nikakiweka kiungo. Fedha zikaingia siku ya tatu.

Ilipita kama miezi tisa. Binti mmoja wa Muheza akaniandikia: "Shikamoo dada. Naomba unisaidie kuwapata wale watu wako." Sikuwa na watu. Alikuwa amelipa shilingi milioni 2 kama ada ya kutafutiwa kazi, nyingine zikiwa za shangazi yake, na simu ya wakala ilikuwa haipokelewi tena. Alikuwa ametafuta kwenye Google kwa Kiswahili, akaikuta kampuni ile juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Hilo pekee halikumtosha, maana si mjinga. Akaendelea kusoma, akafika kwangu, akaona nami nimewaelekeza watu huko huko. "Nikasema kama dada muuguzi aliyefika amewataja, basi."

Kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuwa najua jambo ambalo lingemwokoa, na sikuwahi kuliandika. Hapa Uingereza, sheria ya mawakala wa ajira ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi kama hii yetu. Anayelipa ni mwajiri. Ukiambiwa ulipe ili utafutiwe wodi, umeshapata jibu lako.

Nilimpigia shemeji yangu, anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, anieleze ile kampuni ilifikaje juu. Akacheka kwanza. Akaniambia: "Shemeji, wewe ndiye uliyewapandisha. Wewe na wenzako."

Ndipo nilipoelewa sharti la tatu. Injini za utafutaji za zamani zilipima zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, kwa hiyo mtu aliweza kurudia "viatu, viatu, viatu" akapanda. Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walieleza njia nyingine waliyoiita PageRank. Waliangalia wasomi wanavyotajana katika maandishi yao: kazi inayotajwa na wengi, hasa na wale wanaoheshimika, huenda ina uzito. Wakachukua kila kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kama kura. Kura ya ukurasa mzito inabeba zaidi kuliko kura ya ukurasa usiojulikana. Juu ya wazo hilo wakaijenga Google, na ndiyo maana ilitupa majibu mazuri kuliko zilizotangulia.

Sasa, kura ikishakuwa na thamani, mnunuzi hakosi. Soko la viungo lilizuka, na wauzaji wake wanajua bei ya kila aina ya ukurasa. Mwaka 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana kuitambua alama ndogo inayowekwa ndani ya kiungo, maana yake "usifuate": msomaji anaweza kubofya na kwenda, lakini mashine isihesabu kura. Ilianzishwa kwa ajili ya takataka zilizokuwa zinamwagwa kwenye sehemu za maoni, ikaja kutumika na kwa matangazo ya kulipiwa. Mwaka 2019 Google ikaongeza alama nyingine mahususi kwa viungo vilivyodhaminiwa. Yaani dawa ipo, na kuiweka ni kazi ya dakika moja. Yule mtu wangu alilipa pauni 60 hasa ili nisiiweke. Wasomaji wangu mia chache hawakuwa na faida kwake. Alichokinunua ni kura yangu.

Rafiki yangu mmoja, Mkenya, mwenye tovuti ya mapishi inayomlipia kodi ya nyumba, hakubaliani nami hata kidogo. Anauliza nani aliifanya Google kuwa serikali. Ukurasa ni wangu, anasema, kama ukuta wa duka la mjomba wangu ulivyo wake. Kampuni ya soda ikija na rangi yake nyekundu na kumlipa, nani atamzuia?

Nimeufikiria sana ukuta huo, kwa sababu nimekua nikiuona. Kutoka Tanga hadi Chalinze utaona maduka yaliyopakwa rangi za kampuni za simu na za soda. Lakini hakuna abiria wa basi anayeamini kwamba mwenye duka amekaa chini, akalinganisha mitandao yote, akachagua huo. Rangi yenyewe inasema ni tangazo. Kiungo changu hakikuwa na rangi. Kilikaa katikati ya sentensi zangu, kikazungumza kwa sauti yangu, na juu ya hapo kikapiga kura mahali ambapo mimi mwenyewe sikupaona. Mjomba akipaka ukuta wake rangi, orodha ya maduka bora ya wilaya nzima haibadiliki.

Katika kazi yetu jambo hili si geni. Nikiwa Tanga, kalenda ya ukutani, saa na kalamu zote zilikuwa na majina ya dawa. Hatukuona ubaya, kalamu ni kalamu. Hapa maadili ya NMC yanatutaka tukatae zawadi, isipokuwa vitu vidogo sana visivyo na uzito, kwa sababu ikipokelewa inaweza kuonekana kama jaribio la kupata upendeleo. Nimekataa chokoleti za bei mbaya kutoka kwa familia za wagonjwa, tena kwa kujigamba. Kisha nikaenda mapumziko na kupokea pauni 60 kwa simu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, nao haunipi sifa: injini ya utafutaji ina haki ya kutohesabu kiungo kilichonunuliwa, na inapaswa kufanya hivyo. Haikatazi biashara. Uza nafasi, pokea fedha, andika "tangazo" ili binti wa Muheza aone, weka alama ili mashine ione. Vyote viwili. Kumwambia mashine peke yake na kumficha msomaji ni unafiki wa aina nyingine, na huo nauona sana siku hizi.

Ninapogombana nao ni kwenye adhabu. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilionyesha jinsi duka kubwa la Marekani, J. C. Penney, lilivyokuwa likiongoza kwa miezi katika utafutaji wa vitu vingi, kuanzia magauni hadi mashuka, likibebwa na maelfu ya viungo vilivyotapakaa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo. Duka lilisema halikujua, likaifukuza kampuni iliyokuwa inashughulikia mambo hayo, na Google ikalishusha. Duka kubwa kama hilo lina wanasheria na akiba. Tovuti ndogo ya Kiswahili ikishushwa hivyo, huwa imekufa, na mwenyewe pengine hajui hata kosa lake. Tena ukiweka adhabu kali mno unampa mshindani silaha: atanunua viungo vibovu vielekee kwako, kisha akae pembeni akusubiri uanguke. Hofu hiyo haikuwa ya bure, ndiyo maana mwaka 2012 Google ilitoa chombo cha kuvikana viungo usivyovitaka. Mwaka 2016 ikabadilisha utaratibu wake uitwao Penguin, ukawa zaidi unaviondolea uzito viungo vibovu badala ya kuiangusha tovuti nzima. Mimi naona hapo ndipo pa kusimamia. Kwanza usihesabu. Adhabu iwe ya wale waliofanya biashara ya viungo kuwa kiwanda, na mdogo aonywe kwanza.

Shemeji alinikumbusha jambo moja ambalo lazima niliseme. Google yenyewe inaishi kwa kuuza nafasi za juu. Anayezuiwa kununua kura kwangu atakwenda kununua tangazo kwao. Mwaka ule ule wa 1998, Page na Brin wenyewe waliandika kwamba injini inayolipwa na watangazaji itaelekea upande wa watangazaji kuliko wa wanaotafuta. Siwezi kujifanya sikulisikia hilo. Ila tangazo lao lina maandishi ya kusema ni tangazo, hata kama yamekuwa madogo kiasi cha kuhitaji miwani. Na kuna mara moja walinifurahisha: mwaka 2012 iligundulika kuwa kampeni iliyolipiwa ya kivinjari chao cha Chrome ilikuwa imezaa kiungo kisicho na alama, wakaushusha ukurasa wa Chrome katika matokeo yao wenyewe kwa siku zisizopungua 60.

Kwa sisi tunaotafuta kwa Kiswahili hatari ni kubwa zaidi, na sioni ikizungumzwa. Kwa Kiingereza, kurasa zinazoeleza usajili wa wauguzi ni nyingi mno na zinaelekezana kwa hiari, hivyo kura kumi za kununua zinapotelea humo. Kwa Kiswahili tuko wachache, na hatuna mazoea ya kuelekezana. Kila mmoja ananakili maandishi ya mwenzake na kuyabandika kwake bila kumtaja. Katika uwanja mtupu hivyo, wapiga kura kumi wa kulipwa wanatosha kumweka tapeli kileleni. Shemeji alinionyesha saba kati ya hao kumi. Mmoja alikuwa anauza vipuri vya pikipiki. Mwingine alikuwa mimi.

Nilikiondoa kiungo siku ile ile. Mahali pake nikaandika kwamba palikuwa na tangazo la kulipiwa ambalo sikulitaja kuwa tangazo, nikaeleza habari ya ada, nikaiweka ile sheria ya 1973 kwa maneno mepesi. Wasomaji wawili waliniandikia kunisifu kwa ukweli wangu. Sikuwajibu. Nikaripoti ile kampuni kwa Google kupitia fomu yao, nikamwelekeza yule binti aende polisi na risiti zake za simu. Kampuni ilitoweka kwenye ukurasa wa kwanza baada ya wiki kadhaa. Sijui kama ni kwa sababu yangu.

Pauni 60 nilimtumia yule binti. Mume wangu alisema nitume zaidi, nami nikaongeza kidogo, lakini haikufika hata robo ya alichopoteza, na fundi wa mama alikuwa ameshalipwa zamani. Alinijibu kesho yake. Hakusema amenisamehe wala hakunilaumu. Aliandika "Nimepokea dada, ahsante," kisha akauliza kama vyeti vya chuo chake vinatakiwa kutumwa na chuo moja kwa moja au anaweza kuvituma mwenyewe.

Nikamjibu swali lake. Nikamwambia pia, kabla hajaamini nilichomwandikia, aingie kwenye tovuti ya NMC yenyewe akahakikishe.