Mpigie Kwanza, Kamusi Baadaye



Mdogo wangu wa kike anaishi Marekani. Usiku mmoja mwaka jana akanitumia ujumbe mfupi: "Kaka, I am so discombobulated." Basi, hakuna kingine. Neno nilikuwa silijui, ila kulitamka tu nikacheka. Dis-kom-bo-byu-le-ted! Kama mtu anayeporomoka kwenye ngazi na masufuria yake. Nikamrushia emoji tano za kucheka, nikalala.

Asubuhi nikafungua kamusi. Maana yake ni kuchanganyikiwa, kuvurugika kichwa usijue uanzie wapi. Lakini ni neno la mzaha. Wamarekani walilibuni karne ya 19, enzi walipopenda kutunga maneno marefu yenye mlio wa Kilatini wakati si Kilatini. Ndiyo maana hata leo huwezi kulipeleka msibani. Linamfaa aliyeshuka kwenye ndege baada ya safari ndefu, hajui kama ni asubuhi au jioni. Kwa mambo mazito Kiingereza kina "bewildered", ambalo ndani yake mna pori: mtu aliyepotea njia huko nyikani.

Basi nikatulia. Nikajua ni uchovu tu.

Siku ya nne akapiga mama, sauti imemkauka. Shemeji yetu amehama, amemwachia mdogo wangu mtoto wa miaka miwili na kodi ya nyumba. Usiku ule wa ujumbe ndio alirudi kazini akakuta upande wa mumewe kabatini ni mtupu.

Jamani, niliumia. Angeandika "Kaka, nimechanganyikiwa," ningepiga simu palepale. Kwetu neno hilo halichekeshi. Aliyechanganyikiwa anaweza kuwa amepoteza akili kabisa, kwa hiyo ukilisikia lazima uulize, "Kuna nini?" Baadaye nikamuuliza mbona hakuandika hivyo. Akanijibu, "Kaka, lile la Kiswahili ningeliandika ningelia. La Kizungu lilinisaidia nisilie."

Sasa kuna hili. Kwenye uwanja wa ndege wa Milwaukee, tangu mwaka 2008, ukishapita ukaguzi unakuta kibao kimeandikwa "Recombobulation Area". Wameligeuza neno lile lile: hapo ndipo mahali pa kujikusanya upya. Kuna viti, abiria anafunga mkanda, anarudisha kompyuta kwenye begi, anaendelea na safari.

Desemba mdogo wangu alipita pale akija nyumbani na mwanawe. Akanitumia picha ya kile kibao. Chini yake ameandika: "Nimekaa hapa dakika ishirini, kaka. Mkanda nilishafunga zamani."

Safari hii sikucheka, wala kamusi sikuigusa. Nilipiga simu.