Nani Anawaandika Vijana wa Pemba?

Wenzangu chuoni wamezoea kunicheka kwamba sijui Manchester City ilicheza na nani Jumamosi iliyopita, ilhali naweza kukitaja bila ya kusita kikosi cha vijana wa timu ya daraja la chini ya Wete. Hawakosei. Kila likizo, nikishateremka bandarini Mkoani, jambo la kwanza ninaloulizia baada ya hali za wazee ni ratiba ya mechi za vijana. Nimeufuata mpira huu kwa miaka mingi, katika viwanja vya Konde, Micheweni, Mtambile na Kengeja, na niendapo huchukua daftari. Humo naandika jina la kijana, timu yake, umri anaosema anao na nafasi anayocheza. Swali linalonisumbua kila nilifunguapo ni hili: ukiwaondoa wachache wenye mazoea kama yangu, nani mwengine anayewaandika vijana hawa?

Raha ya mpira wa vijana wanaijua walioionja. Mechi huanza baada ya sala ya Alasiri na ni lazima imalizike kabla ya adhana ya Magharibi, hivyo hakuna anayepoteza muda kwa kujilaza chini. Msimu wa karafuu ukiwadia, kikosi hupungua kwa kuwa nusu ya wachezaji wamo mikarafuuni. Watazamaji hukaa chini ya miembe na kila mmoja ni kocha. Kisha, katikati ya vumbi lile, mtoto wa miaka 15 anaupokea mpira wa juu kwa kifua, anamwacha beki wa kwanza, anamwacha wa pili, na uwanja mzima unanyamaza kwa nukta moja kabla ya kupiga kelele. Hapo ndipo ninapoandika jina.

Baada ya hapo huanza kusubiri. Njia ya kijana wa Pemba inajulikana: ligi za vijana, timu ya wilaya, kisha, akijaaliwa, klabu ya Ligi Kuu ya Zanzibar. Nyingi kati ya klabu zenye nguvu katika ligi hiyo ni za vikosi: KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, KVZ. Wageni hushangaa kuona kikosi cha zimamoto kikigombea ubingwa. Wenyeji hatushangai, kwa sababu tunajua kinachotafutwa. Mama mmoja wa Micheweni aliwahi kuniambia, "Mwanangu, goli halina pensheni." Kwake yeye, kusajiliwa na klabu ya kikosi ni mlango wa ajira, na mlango huo ukifunguka, habari ya kwenda Yanga au Simba inaweza kungoja. Siwezi kumlaumu. Katika kisiwa chenye watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022 na ajira haba, huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu.

Wapo waliovuka. Nadir Haroub, tuliyemwita Cannavaro, alitoka Zanzibar akawa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Feisal Salum alipitia JKU, akajiunga na Yanga mwaka 2018, na mwaka 2023 akahamia Azam baada ya mvutano wa kimkataba uliozungumzwa nchi nzima. Lakini wengi walioandikwa katika daftari langu hawakufika huko. Wamo walio askari, walio wavuvi, waendesha bodaboda wa Chake Chake, na waliokwenda Oman kutafuta riziki. Sisemi kwamba wamefeli. Ninachosema ni kwamba walilelewa, na malezi yale hayana kumbukumbu popote.

Niwapeni mfano wa mbali. Huko Marekani, katika mchezo wa besiboli, klabu 30 kubwa zina timu 120 za daraja la chini zinazokuza vijana. Kijana wa miaka 19 anayecheza katika mji mdogo usiojulikana huandikiwa kila pigo, kila mechi na kila jeraha, na wapo mashabiki wanaomfuata kuanzia siku hiyo hadi atakapofika juu au atakapoacha. Si kwamba vijana hao walitendewa haki siku zote. Ujira wao ulikuwa duni mno, hata ikabidi waungane, na mwaka 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja ulioupandisha mshahara wa daraja la chini kabisa kutoka dola 4,800 hadi dola 19,800 kwa mwaka. Lakini walipokaa mezani kudai, hakuna aliyeweza kuwauliza kama kweli waliwahi kucheza. Waliandikwa.

Katika mpira wetu wa miguu, maandishi yana thamani ya fedha taslimu. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 hubeba asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 asilimia 0.5. Tuseme kijana ameuzwa nje kwa dola 1,000,000. Timu iliyokuwa naye tangu miaka 12 hadi 15 ina fungu la dola 10,000. Kwa klabu ya Ulaya hiyo ni chenji. Kwa timu ya kijiji ni mipira, viatu na nauli za miaka kadhaa. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu kinachokokotoa mafungu haya kwa kufuata kumbukumbu za usajili za kielektroniki. Asiyekuwemo katika kumbukumbu haonekani.

Hapa pana fundo la kwetu. Machi 2017 Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama wa CAF, na Julai mwaka huohuo uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Katika FIFA hatumo. Kwa hiyo kijana anayetoka Chake Chake kwenda Dar es Salaam, kwa macho ya kanuni hizo, hakuvuka mpaka wowote. Mlango wa kudai hufunguka pale tu anapouzwa kutoka Dar es Salaam kwenda nje, na wakati huo imeshapita miaka mitano au sita tangu acheze Pemba. Mjadala wa hadhi ya Zanzibar katika soka ni mrefu, na nimeshauandikia. Lakini daftari la usajili la klabu ya Wete halihitaji idhini ya CAF wala ya FIFA.

Namkumbuka mwalimu mmoja wa timu ya watoto, marehemu sasa. Kwa muda wote niliomjua alinunua mipira kwa fedha za karafuu zake mwenyewe. Kijana wake mmoja, winga wa mguu wa kushoto, alipopata timu ya bara, waliomchukua waliomba uthibitisho wa alikocheza na tarehe yake ya kuzaliwa. Timu haikuwa na karatasi hata moja. Kila kitu kilikuwa kichwani mwa mwalimu. Kijana akaandikwa kana kwamba alianza mpira siku aliyoshuka bandarini Dar es Salaam, na umri wake ukapunguzwa miaka miwili. Nilipomuuliza, "Mwalimu, hukukasirika?" akanijibu, "Nakasirika nini, na mtoto kenda?" Alifurahi kweli. Lakini furaha yake haiondoi ukweli kwamba kazi ya miaka ilifutwa kwa kukosa ukurasa mmoja.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali. Tulishangilia mpaka sauti zikatukauka, na ilistahiki. Kesho yake nilitaka kujua kila mchezaji wa kikosi kile alianzia uwanja gani na alifunzwa na nani, nisipate pahala pa kuuliza isipokuwa vijiweni.

Kwa hiyo natoa ombi, na haligharimu mabilioni. Maofisa wa michezo wa wilaya wazitake timu zote za watoto ziwe na rejista moja ya mfano mmoja: jina, nakala ya cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kujiunga, tarehe ya kuondoka, saini ya mzazi na muhuri wa sheha. Nakala moja ibaki kwenye timu, ya pili wilayani, ya tatu iingizwe katika kompyuta ya shirikisho. Wanafunzi wangu wa Pemba, mnaorudi nyumbani likizo na simu zenye kamera, mnaweza kuanza na timu ya kijiji chenu wiki hii bila ya kungoja waraka. Daftari langu lipo kwa yeyote atakayetaka kuanzia hapo. Majina mengine humo yana miaka 12 tu, na wenyewe wapo uwanjani jioni hii.