Jikoni Umefika?

Jane Austen alizaliwa mwaka 1775 katika nyumba ya mchungaji huko Steventon, Uingereza. Nyumba ile ilikuja kubomolewa. Ya akina Brontë, kule Haworth, imebaki, na tangu 1928 ni makumbusho. Chuoni nilizisoma nyumba hizo mpaka nikahisi nimeishi humo. Ya kwetu Pomerini, wilayani Kilolo, nilikuwa naipita tu.

Jina lenyewe limetoka Pommern, jimbo la Wajerumani kando ya Bahari ya Baltiki. Wamisionari wa Berlin waliingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, wakaanzia upande wa Ziwa Nyasa. Uhehe waliyokuja kujenga ilikuwa imetoka vitani; Mkwawa alikufa 1898.

Mwaka juzi niliandika makala gazetini kuhusu nyumba ya misheni. Nikasifia tofali za kuchoma na unene wa kuta, nikasema Wajerumani walijua kuikabili baridi ya Kilolo. Nikampigia bibi, nikamsomea yote. Akasikiliza hadi mwisho.

“Kamwene, mjukuu wangu. Umeandika vizuri. Jikoni umefika?”

Sikuwa nimefika. Na hilo ndilo lililoniuma, maana nilijua kwamba bibi, akiwa binti, aliosha vyombo na kubeba kuni kwenye nyumba ya misheni. Nilijua pia kwamba babu yake alikuwa mmoja wa waliofyatua tofali. Kwenye makala yangu tofali zilijifyatua zenyewe.

Bibi alinieleza ramani ya nyumba kwa miguu yake. Jiko lilikuwa banda la nyuma, mbali kidogo, ili moshi usiwasumbue wakubwa. Mvua ikinyesha, chakula kinafunikwa, mbebaji analowa. Anafika mlango wa nyuma, anapokelewa sahani, anarudi. Sebuleni hakuwahi kuingia.

Yeye alizaliwa kwenye tembe, nyumba ndefu ya Kihehe yenye paa bapa la udongo. Humo moto ulikuwa ndani, na watu wakalala kuuzunguka. Misheni, moto uliwekwa nje, pamoja na walioukoka.

Juni iliyopita nikampeleka. Mlango wa mbele akavua kandambili. Nikamwambia, “Bibi, hapana haja.” Hakunijibu. Akaingia pekupeku, akashika ukuta kwa kiganja, akazunguka chumba hadi chumba akiwa kimya. Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari, nikingoja machozi, au angalau neno zito la kufungia makala ya pili. Si unajua sisi waandishi.

Sebuleni akasimama, akajifunga khanga vizuri mabegani.

“Kumbe na humu ni baridi,” akasema. “Siku zote nilidhani wenzetu wanaota moto.”

Kisha akataka tutoke, tukaanue jua.