Heshima ya Mlango Uliofungwa

Ukarimu una milango miwili. Mmoja hufunguliwa ili mgeni aingie, na mwingine hufungwa ili mgeni apumzike. Mlango wa kwanza wajulikana na watu wote, na sifa zake zimo katika methali nyingi. Wa pili haujulikani sana, na anayeufunga aghalabu hushitakiwa uchoyo. Walakini wako watu duniani ambao kazi yao huwafanya wauhitaji mlango wa pili kuliko wa kwanza. Miongoni mwao ni marubani na wahudumu wa ndege, ambao hulala leo katika mji mmoja na kesho katika mji mwingine, na ambao usingizi wao si mali yao peke yao.

Katika Susuni, wilaya ya Tarime, karibu na mpaka wa Kenya, mlango wa mji haufungwi mchana. Mgeni aliyetoka mbali si wa nyumba moja; ni wa jirani pia, na wa ukoo, na wa kila mzee aliyemjua alipokuwa mtoto. Kumsalimu ni wajibu, na kusalimiwa naye ni haki. Mtu akifika asionekane, husemwa kwamba ama mgonjwa ama amekwisha kuwa na kiburi.

Binti mmoja wa Susuni, mhudumu wa ndege katika shirika la nchi ya mbali, alirudi kwao kwa likizo ya siku nane. Alikuwa amefanya kazi usiku mbili mfululizo, kisha akapanda ndege kama abiria mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza akachukua basi mpaka Tarime, na kutoka Tarime pikipiki mpaka mlangoni kwa mama yake. Alifika asubuhi. Alikunywa uji, akacheka kidogo, na ilipopata saa nne akalala. Saa tano shangazi yake akaja. Mama akaona haya, akaenda kumwamsha. Binti akatoka, akasalimu, akarudi kulala. Saa sita wakaja majirani wawili, akaamshwa. Saa nane akaja mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake, akaamshwa. Jioni, watu walipokwisha kuondoka, usingizi nao ulikuwa umekwisha kuondoka. Binti akakesha macho makavu mpaka jogoo walipowika.

Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Usiku wake mama na binti walikaa jikoni, na mama akauliza swali lililokuwa moyoni mwake tangu jana:

"Mwanangu, huko unakolala, katika hoteli hizo kubwa, hawaji watu kukusalimu?"

"Hawaji, Mama. Na wakija, ndipo ninaposhindwa kazi."

Akamsimulia habari ya hoteli moja. Ndege yao ilitua alfajiri, saa kumi na moja, baada ya usiku mzima angani. Walipofika hotelini, vyumba havikuwa tayari. Wakaketi katika ukumbi wa mapokezi mpaka saa tatu, wamevaa sare, wakitazamwa na wageni wengine waliokuwa wakienda kustaftahi. Alipopewa ufunguo, chumba chake kilikuwa chini ya sakafu iliyokuwa ikitengenezwa, na mafundi walikuwa wakivunja vigae. Alilalamika kwa simu. Mwenye zamu alikuwa mtu mwema. Aliona aibu, akampelekea sinia la matunda pamoja na kadi ya kuomba radhi. Binti alikuwa ndiyo kwanza amepata usingizi juu ya makelele yote yale. Aliyeleta matunda akabisha hodi mpaka akamwamsha.

Usiku ule walirudi kazini. Kabla ya ndege kuondoka, kila mhudumu huuweka mlango wake katika hali ya dharura, ili ukifunguliwa kwa ghafula mtelezo wa mpira ujijaze hewa na abiria wapate pa kuteremkia. Kisha mwenzake wa mlango wa pili huvuka na kukagua. Binti alisema kwa kinywa chake kwamba mlango wake u tayari. Mwenzake alipokagua, aliukuta hauko tayari. Aliushika mshikio, akauweka sawa, akamtazama, asiseme neno. Ndege ikaruka, ikafika salama. Hapana abiria aliyejua. Lakini yeye alijua, na tangu siku ile alipoona sinia la matunda hotelini alihisi baridi mgongoni.

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mimi nimekuamsha mara ngapi?"

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Hoteli ile haikukosa ukarimu, wala mama hakukosa mapenzi. Kila mmoja alitoa kilicho chema, ila alikitoa kwa mlango usiohitajiwa.

Zamani watu wa ndege hawakuwa na shida ya namna hii. Februari 28, 1931, shirika la Imperial Airways lilifungua njia kutoka London, na mwisho wa njia hiyo katika Afrika ulikuwa Mwanza. Kutoka Khartoum mpaka Mwanza walitumia ndege za kutua majini, nazo zilipita juu ya Ziwa Nyanza, ziwa lile lile linalolowesha mwambao wa Mara. Safari ilichukua siku nyingi kwa sababu kila jua lilipokuchwa ndege ilitia nanga, na rubani na abiria wakalala nchi kavu. Usiku wa rubani ulikuwa usiku wa abiria, na usiku wa abiria ulikuwa usiku wa mwenye nyumba. Aliyejua kumlaza msafiri yeyote alijua kumlaza rubani.

Ndege za jeti zilivunja mapatano hayo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilipata ndege za Comet mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966. Safari ya siku nyingi ikawa safari ya usiku mmoja. Ndege ikiacha kulala, wanaoiendesha hulala kwa zamu, na zamu haiulizi jua liko wapi. Mwaka 2018 njia ya moja kwa moja ilifunguliwa kati ya Nairobi na New York, miji inayopishana kwa saa saba au nane kwa kadiri ya majira. Mtu aliyetoka Nairobi akatua huko hujikuta anatakiwa kuamka wakati mwili wake unataka kulala, na kulala wakati dirisha limejaa jua. Saa ya ukutani hugeuzwa kwa kidole. Saa iliyomo mwilini hugeuka polepole, siku baada ya siku, na mwanga ndio unaoiongoza.

Wataalamu wa usafiri wa anga hukiogopa hasa kipindi cha kutoka saa nane usiku mpaka karibu saa kumi na mbili asubuhi, kwa hesabu ya mwili wenyewe, kwani hapo akili huwa katika bonde lake la chini kabisa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa kumi na saba hufanya kazi za akili na mikono kama mtu mwenye kileo cha sehemu 0.05 katika mia ya damu yake. Hapana abiria atakayekubali kupanda ndege ya mlevi. Lakini asiyelala haonekani kwa kunuka wala kwa kuyumba. Husimama wima, hutabasamu, na husema mlango u tayari.

Februari 12, 2009, ndege iliyotoka Newark kwenda Buffalo, katika Marekani, ilianguka juu ya nyumba. Wakafa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani. Wachunguzi walisema sababu ni rubani mkuu kuitikia vibaya onyo la kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea. Lakini waligundua pia kwamba rubani huyo alikuwa amelala katika chumba cha mapumziko cha watumishi uwanjani, na rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili aifikie kazi yake. Walisema uchovu yamkini uliwadhoofisha, ijapokuwa kadiri yake haikuweza kupimwa. Baada ya msiba huo Marekani ilitunga kanuni mpya, zilizoanza kutumika Januari 2014: rubani wa ndege za abiria apate mapumziko ya saa kumi kabla ya kazi, na ndani yake nafasi ya saa nane za kulala bila ya kukatizwa.

Nchi za Ulaya nazo, katika kanuni zao za mwaka 2014, zilieleza ni mahali gani panastahili kuitwa malazi ya mtu wa ndege. Maelezo yale ni mafupi, na yafaa kusomwa na kila mwenye hoteli: chumba cha mtu mmoja mmoja, penye utulivu, chenye kitanda, chenye hewa ya kutosha, penye namna ya kupunguza na kuongeza joto na mwanga, na pawe na njia ya kupata chakula na kinywaji. Hayo ndiyo yote. Humo hamna zulia jekundu, wala bwawa la kuogelea, wala jina la mgeni kuandikwa kwa maua juu ya kitanda.

Watu wenyewe wa ndege, wakiulizwa, huongeza machache, na kila moja lina sababu yake. Hutaka ufunguo uwe tayari wanapofika, kwani nusu saa ya kungoja hukatwa katika usingizi. Hutaka chumba kilicho mbali na lifti, na ukumbi wa ngoma, na barabara. Hutaka pazia nzito isiyoacha ufa, kwa maana ufa mmoja wa jua la adhuhuri huuambia mwili wote kwamba kumekucha. Wanawake hutaka chumba kisichokuwa chini kabisa, na namba yake isitajwe kwa sauti mbele ya watu. Hutaka chakula cha moto saa tisa usiku, kwa kuwa saa hiyo kwao ni ya chakula cha jioni. Hutaka pasi ya kunyoosha sare, na gari litakalofika kwa wakati, na mtu wa kuwaamsha asiyesahau. Na kibao cha usisumbue wakikitundika, hutaka kiheshimiwe na mwenye ufagio, na mwenye nguo za dobi, na mwenye sinia la matunda.

Yamkini msomaji atauliza kama huku si kudeka. Mama wa Susuni huamka saa kumi na moja, akakamua, akachota maji, akalima, wala hakuna anayemfungia dirisha. Swali hili ni la haki. Lakini jibu lake si kwamba mtu wa ndege anyimwe giza lake. Ni kwamba wengine nao wamestahili lao. Mabasi ya masafa marefu hupita Sirari, si mbali na Susuni, yakienda na kurudi katika barabara ya Mwanza. Dereva anayelala katika kiti cha gari, taa za barabara zikimpiga usoni, kesho yake hushika usukani wa roho za watu sawasawa na rubani. Tofauti ni kwamba usingizi wa rubani umeandikiwa sheria yenye saa na vipimo, na wa dereva mara nyingi huachiwa bahati. Muuguzi wa zamu ya usiku, arudipo nyumbani asubuhi, hukuta watoto, na redio, na wageni. Heshima ya usingizi isiishie kwa wenye sare za kupendeza.

Siku ya tatu mama alifanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika mji ule. Alitundika blanketi dirishani. Aliwapeleka watoto shambani pamoja na kelele zao. Alichukua kigoda, akakiweka mbele ya mlango, akaketi akichambua maharage katika ungo. Shangazi alipokuja, mama aliinuka, akamsalimu kwa adabu zote, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yumo, lakini amelala. Tafadhali njoo jioni, dada."

Shangazi alitazama mlango uliofungwa, akamtazama mama. Akasema kwamba hajapata kuzuiwa katika nyumba ya ndugu yake tangu azaliwe. Akaenda zake bila ya kukaa. Mama aliona uchungu, kwani neno lile lingefika kisimani kabla ya yeye kufika. Walakini hakuondoka kwenye kigoda. Wakaja wengine, nao wakaambiwa vivyo hivyo. Wako walioelewa, na wako waliojifanya kuelewa.

Binti alilala kutoka saa nne mpaka saa kumi na mbili jioni. Alipoamka, uso wake ulikuwa uso wa yule msichana aliyeondoka miaka sita nyuma. Mama alimwambia ni nani waliokuja na nani aliyekasirika. Binti akaoga, akachukua sukari na kitambaa alichokuwa amenunua safarini, akaenda kwa shangazi kwa miguu. Alikaa huko mpaka usiku mkubwa, akasimulia, akacheka, akala mara mbili.

Shangazi hakusema kama amesamehe. Lakini asubuhi ya pili alionekana njiani akiwakemea watoto waliokuwa wakipiga mpira karibu na nyumba ile.